Timu ya Chuo na Watu wa Mji: Habari za Huntsville na Anchorage

Katika kila mji kuna kazi ambazo watu huzisifu kwa maneno, lakini siku ya taabu hutazamana na kuulizana: "Ni kazi ya nani?" Shule, dispensari, bendi ya vijana, timu ya mpira: je, mambo hayo ni ya wakubwa walioyaanzisha, au ni ya watu wanaoishi karibu nayo?

Leo tumeona vema kuwaeleza habari za miji miwili ya Marekani iliyopaswa kulijibu ulizo hilo. Wa kwanza ni Huntsville, wa pili ni Anchorage. Ulizo liliwajia kwa njia ya mchezo ambao wengi wetu hatujauona kwa macho, yaani hoki ya barafuni. Kila mji ulikuwa na timu ya chuo kikuu chake. Kila timu ilihukumiwa kufa. Watu wa miji yote miwili walifungua mifuko yao wakatoa fedha, tena kwa moyo. Lakini mmoja ulipoteza timu yake, na mwingine ukaipata tena. Basi kwa nini mwisho haukuwa mmoja? Hilo ndilo tunalotaka kulichungua.

Mchezo wenyewe

Kwanza yafaa kueleza mchezo kwa maneno machache. Kila upande una wachezaji sita, pamoja na mlinda lango. Wamevaa viatu vyenye chuma chembamba chini, mfano wa kisu, na kwa viatu hivyo huteleza juu ya barafu kwa mbio kubwa. Mkononi kila mmoja ana gongo refu lililopindika mwishoni. Hawapigi mpira wa mviringo, bali kisahani kigumu cha mpira chenye uzito wa gramu 170 hivi. Uwanja una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Mchezo hugawanyika sehemu tatu, kila sehemu dakika 20.

Zamani mchezo huu ulingoja baridi. Ziwa likiganda, vijana waliingia. Barafu ikiyeyuka, walirudi nyumbani. Mchezo wa kwanza wa ndani ya jumba unaojulikana ulichezwa mjini Montreal, nchi ya Kanada, tarehe 3 ya mwezi wa tatu 1875. Miaka miwili baadaye wanafunzi wa chuo kikuu cha McGill, katika mji huohuo, walikuwa na timu yao. Twaona basi kwamba hoki na wanafunzi ni marafiki wa siku nyingi. Huko Marekani, tangu mwaka 1948 vyuo hushindana kila mwaka kumpata bingwa wa nchi nzima.

Siku hizi barafu yaweza kutengenezwa hata katika nchi ya joto. Mafundi hulaza mabomba chini ya sakafu, na ndani ya mabomba hupita maji ya chumvi yaliyopozwa na mashine. Juu ya sakafu hunyunyizwa maji, yakaganda kidogo kidogo mpaka barafu inafikia unene wa vidole viwili hivi. Lakini mashine hula umeme mchana na usiku, na pia zinahitaji mafundi wa kuzitunza. Timu ya kandanda yaweza kuanza na mpira wa matambara na kiwanja cha mavumbi. Hoki haianzi hivyo. Viatu vina bei, magongo yana bei, nguo za kukinga mwili zina bei, na safari za kwenda kushindana zina bei kuliko vyote.

Ndiyo sababu timu ya hoki ya chuo haiwezi kuishi kwa fedha za chuo peke yake. Hutaka watu wa mji waje, wanunue tiketi, wawalete watoto wao, na mwisho waseme: "Timu hii ni yetu." Katika miji mingi midogo ya Marekani hakuna timu ya watu wanaolipwa mshahara. Timu ya chuo ndiyo timu ya mji. Katika miji ya namna hiyo utaona mambo yanayofanana: chama cha wasaidizi, wazee kwa vijana, wanaouza fulana na kuchanga fedha za safari, wachezaji wanaotembelea shule za watoto, na wakati wa mapumziko, watoto wadogo wanaoruhusiwa kuingia barafuni na magongo yao mafupi, wakianguka na kuinuka mbele ya wazazi wanaocheka na kupiga makofi. Mtoto aliyepigiwa makofi hivyo harudi nyumbani kama alivyokuja. Juma lijalo atamvuta baba yake mkono waende tena.

Kuna miji iliyopata bahati ya kuwa na tajiri. Mji wa Grand Forks, katika jimbo la Dakota ya Kaskazini, una watu wasiozidi 60,000, lakini chuo chake kina jumba la hoki lenye viti zaidi ya 11,000. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 2001, na gharama yake ilipita dola milioni 100. Aliyelitoa ni Ralph Engelstad, ambaye zamani alikuwa mlinda lango wa chuo hichohicho. Lakini si kila mji una Engelstad wake. Mingine lazima ijaze kibaba kwa haba na haba.

Barafu katika nchi ya pamba

Huntsville uko katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Ni nchi ya pamba na ya joto. Mwaka 1950 mji ulikuwa mdogo, wenye watu wapatao 16,000. Mwaka ule serikali ilimhamishia huko Wernher von Braun na mafundi wenzake Wajerumani, zaidi ya mia moja, kusudi watengeneze roketi za jeshi. Mwaka 1960 kikafunguliwa kituo kikubwa cha Marshall, na kutoka kituo hicho ilitungwa roketi ya Saturn V, iliyowapeleka watu mwezini mwaka 1969. Mji uliongezeka upesi sana: watu 72,000 mwaka 1960, na karibu 138,000 mwaka 1970.

Wageni walitoka pande zote za nchi, na wengi walitoka kaskazini, pahali penye theluji. Mtu akihama huchukua vyombo vyake, na katika moyo wake huchukua pia michezo ya kwao. Mwaka 1975 mji ulifungua jumba kubwa la mikutano na michezo, lililopewa jina la von Braun, na ndani yake barafu iliweza kutandazwa. Mwaka 1979 mwanasheria mmoja wa mji, Joe Ritch, akaanzisha timu ya hoki ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Alabama kilichoko Huntsville.

Mtu angeweza kucheka. Hoki huko Alabama! Ni sawa na kulima kahawa juu ya mwamba. Lakini timu ile ilishinda ubingwa wa vilabu vya wanafunzi mara tatu, 1982, 1983 na 1984. Mwalimu wake tangu 1982 alikuwa Doug Ross, aliyeichezea Marekani katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1976. Alikaa miaka 25, mpaka 2007. Mwaka 1985 chuo kiliikubali timu iwe ya chuo kwa utaratibu kamili, na miaka ya 1996 na 1998 ikatwaa ubingwa wa daraja la pili la vyuo vya nchi yote. Jumba la von Braun, lenye viti zaidi ya 6,000, likawa pahali pa kukutania familia za mji.

Kisha timu ikapanda daraja la kwanza, ikakutana na vyuo vyenye jina kubwa. Mwaka 2007 iliingia katika mashindano ya mwisho ya nchi, ikacheza na chuo kikuu kikatoliki cha Notre Dame. Dakika za kawaida zilikwisha wakiwa sawa. Wakaongezewa muda, wakabaki sawa. Katika muda wa pili wa kuongezewa ndipo Notre Dame ikapata goli la tatu, ikashinda 3 kwa 2. Mwaka 2010 Huntsville iliingia tena, ikafungwa 2 kwa 1 na chuo cha Miami cha jimbo la Ohio. Wachezaji walirudi nyumbani wameshindwa, lakini hawakuaibika.

Lakini mavuno makubwa zaidi yalikuwa watoto. Katika mji usiojua theluji, watoto walianza kuomba viatu vya kuteleza. Jared Ross, mwana wa yule mwalimu, alizaliwa Huntsville, akachezea chuo cha kwao, kisha akaingia katika ligi kubwa ya watu wanaolipwa, timu ya Philadelphia Flyers.  Nic Dowd, aliyezaliwa Huntsville mwaka 1990, alijifunza hoki mjini humo tangu utoto, naye akafika ligi ileile. Watoto hao hawakupatikana kwa fedha za siku moja. Ni matunda ya mti uliomwagiliwa miaka thelathini.

Hatari ya kwanza

Hapa tuangalie jambo ambalo mashabiki huwa hawalitazami sana, yaani ligi. Timu haichezi peke yake. Hutaka majirani wa kushindana nao kila mwaka, kwa ratiba inayojulikana, ili watu wajue ni lini watanunua tiketi na nani atakuja. Timu isiyo na ligi ni kama mfanyabiashara asiye na soko: ana bidhaa nzuri, lakini kila siku lazima abishe hodi kwenye milango ya watu.

Ligi ya Huntsville ilikuwa ndogo. Mwaka 2010 ilivunjika, kwa kuwa wenzake walipata nafasi katika ligi nyingine. Huntsville nayo iliomba kuingia ligi nyingine, ikakataliwa. Kwa miaka mitatu ikatangatanga peke yake. Safari ziliongezeka, ushindi ukapungua. Mwezi wa kumi mwaka 2011 wakubwa wa chuo wakatangaza kwamba timu itashushwa, iwe klabu ya wanafunzi tu, kama ilivyokuwa mwanzo.

Ndipo mji ulipoamka. Wachezaji wa zamani, wazazi na wafanyabiashara wakakusanyika, wakaandika barua, wakaahidi fedha. Mwezi wa kumi na mbili mwaka uleule mkuu mpya wa chuo, Robert Altenkirch, aliifuta hukumu ile. Timu ikabaki. Na mwaka 2013 ikapata ligi iitwayo WCHA. Watu wakafurahi, wakadhani hatari imepita.

Katika ligi hiyo kulikuwa na timu kumi. Saba zilitoka katika majimbo ya maziwa makubwa ya kaskazini. Ya nane ilikuwa Huntsville. Mbili za mwisho zilitoka Alaska, pembeni kabisa mwa Marekani: moja ya Fairbanks, moja ya Anchorage. Tangu Huntsville mpaka Anchorage ni zaidi ya kilomita 5,000 kwa ndege. Hivyo ndivyo habari za mji wa joto na za mji wa theluji zilivyofungamana.

Mji wa theluji

Timu ya Anchorage nayo ilianza mwaka 1979, mwaka uleule wa Huntsville. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa Brush Christiansen. Mwaka 1983 mji ulifungua jumba la Sullivan, lenye viti zaidi ya 6,000, na timu ikahamia humo. Mwaka 1991 ilisafiri mpaka upande mwingine wa nchi, ikakitoa Boston College katika mashindano ya mwisho ya vyuo. Watu wa Anchorage walioishi siku hizo hawajasahau.

Huko watoto hawahitaji kufundishwa kupenda barafu, maana barafu iko mlangoni mwao. Scott Gomez alizaliwa Anchorage mwaka 1979. Baba yake ni wa ukoo uliotoka Meksiko, na mama yake ni mzaliwa wa Kolombia. Mtoto wa watu waliotoka nchi za joto akakua na viatu vya chuma miguuni, na mwaka 2000 timu yake ya New Jersey ikatwaa kombe kubwa la hoki.

Lakini hata pahali penye barafu ya bure, fedha zaweza kukauka. Mwaka 2019 gavana wa Alaska alikata dola milioni 135 katika fedha ambazo jimbo lilizitoa kwa chuo kikuu. Baadaye wakapatana kwamba zitapunguzwa milioni 70 kwa muda wa miaka mitatu. Mwaka huohuo timu ya hoki iliondoka katika jumba la Sullivan ili kupunguza gharama, ikaingia katika uwanja mdogo wa chuoni usiofikia viti 1,000. Watu wachache walipata nafasi ya kuketi, na sauti ya mji ikapungua.

Mwaka wa taabu

Hatari ya pili ilizifikia timu zote mbili kwa pamoja. Mwezi wa sita mwaka 2019 vyuo saba vya kaskazini vilitangaza kwamba vitaondoka katika ligi ya WCHA mwaka 2021 na kuunda ligi yao wenyewe ya majirani wa karibu. Sababu yao ilieleweka: safari za mbali zilikuwa nzito. Waliobaki ni watatu tu, Huntsville na timu mbili za Alaska. Ligi ya timu tatu zilizoachana kilomita elfu tano si ligi.

Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa Korona, na vyuo vyote vikaanza kuhesabu fedha upya. Tarehe 22 ya mwezi wa tano, chuo cha Huntsville kilitangaza kuifuta timu ya hoki, pamoja na timu za tenisi za wanaume na za wanawake. Katika juma moja mashabiki walikusanya zaidi ya nusu milioni ya dola. Wachezaji wawili wa zamani, waliofanikiwa katika biashara, walitoa sehemu kubwa. Wengine walitoa kidogo, kila mtu kadiri ya mfuko wake. Tukumbuke kwamba ilikuwa siku za ugonjwa, na watu wengi walikuwa wamepoteza kazi. Chuo kikakubali timu icheze mwaka mmoja zaidi.

Mwaka mmoja! Na katika mwaka huo lazima ligi mpya ipatikane. Wakabisha hodi huku na huku. Hakuna aliyewafungulia. Mwezi wa tano mwaka 2021 chuo kilitangaza kwamba timu inasimamishwa, kwa sababu haikupata ligi. Timu iliyoishi miaka zaidi ya arobaini katika nchi ya pamba ikanyamaza.

Huko Anchorage hukumu ilikuja mwezi wa tisa mwaka 2020. Baraza la chuo kikuu cha Alaska liliamua kufuta hoki, na pamoja nayo sarakasi za wanawake na mchezo wa kushuka mlima juu ya theluji. Lakini baraza liliacha mlango wazi kidogo: mchezo wowote utakaokusanya gharama za miaka miwili kwa msaada wa watu, utarudishwa. Kwa hoki gharama hiyo ilikuwa dola milioni 3. Muda waliopewa kwanza ulikuwa mfupi, kisha ukaongezwa mpaka mwezi wa nane mwaka 2021.

Kikaundwa chama cha kuiokoa timu. Wazazi, wachezaji wa zamani na wenye maduka walikwenda mlango kwa mlango, wakiuliza kila mtu: "Wewe utatoa nini?" Haikuwa kazi ya juma moja, ilikuwa karibu mwaka mzima wa kuomba, kukataliwa na kuomba tena. Sarakasi na mchezo wa mlimani nazo zilikusanya sehemu zao zikaokoka. Mwishoni mwa mwezi wa nane mwaka 2021 hoki ilifikisha milioni 3. Akatafutwa mwalimu mpya, akapatikana Matt Shasby, aliyeichezea timu hiyohiyo ujanani. Mwaka 2022, baada ya misimu miwili ya kimya, Anchorage ikaingia tena barafuni.

Kwa nini mwisho haukuwa mmoja?

Tusiwe wepesi kusema: "Watu wa Anchorage walipenda zaidi." Si kweli. Waliokusanya nusu milioni katika siku saba hawakukosa mapendo. Tena si haki kuwatupia wakubwa wa chuo lawama zote. Mkuu wa chuo ana walimu wa kulipa, madarasa ya kutengeneza, na maelfu ya wanafunzi ambao hawajawahi kushika gongo. Fedha zikipungua, lazima achague, na kila anachokikata kina watu watakaolia.

Sisi twaona sababu tatu.

Ya kwanza ni sharti lenyewe. Anchorage waliambiwa: leteni fedha. Hilo ni jambo ambalo watu wa mji waweza kulifanya kwa mikono yao. Huntsville waliambiwa: leteni fedha, kisha pateni ligi. Fedha walizileta. Lakini ligi ilikuwa mikononi mwa watu wengine, wa miji mingine, wenye hesabu zao. Mapendo ya nyumbani hayafungui mlango wa jirani. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kikiwa na nguvu namna gani.

Ya pili ni jirani. Anchorage nayo ilirudi bila ligi. Lakini ilikuwa na ndugu yake Fairbanks, mwendo wa kilomita 580 hivi kwa barabara, ambaye hushindana naye kila mwaka kupata Kombe la Gavana. Watu wa miji hiyo miwili hutaniana kama mashemeji. Huntsville haikuwa na chuo cha karibu chenye timu ya daraja lake. Kila mchezo wa ugenini ulikuwa safari ndefu, na kila mgeni alihesabu mara mbili kabla ya kuja.

Ya tatu ni muda. Fedha za Huntsville zilikusanywa kwa haraka, kama watu wanaozima moto, zikanunua mwaka mmoja tu. Fedha za Anchorage zilitaka karibu mwaka mzima kukusanywa, na zikanunua miaka miwili. Katika mwaka ule wa kubisha hodi, chama kilipata nguvu, watu wakajuana, na kila aliyetoa aliona kwamba amekuwa mwenye mali. Mtu aliyetoa dola ishirini zake kwa kazi fulani haulizi tena kazi hiyo ni ya nani.

Hata hivi, tusidhani kwamba Huntsville ilipoteza yote. Tangu mwaka 2004 mji huo una timu ya watu wanaolipwa, Huntsville Havoc, inayocheza katika jumba lilelile la von Braun, na wengi waliozoea hoki kwa njia ya chuo wamezoea pia kuishangilia timu hiyo. Kilichopandwa hakikung'olewa chote. Lakini mtoto wa Huntsville anayejifunza kuteleza hana tena timu ya chuo cha kwao ya kuiota. Akitaka kucheza na kusoma, lazima aende kaskazini, mbali na mama yake. Hiyo ndiyo hasara yenyewe, na haiandikwi katika vitabu vya hesabu.

Jambo la kushika

Wasomaji wapenzi, sisi hatuna barafu, na huenda hatutakuwa nayo. Lakini tuna shule, tuna vilabu, tuna kwaya, tuna timu. Habari hizi za mbali zaweza kutufaa karibu.

Kwanza, mwenye kupenda kazi asingoje siku ya hatari. Mchango wa siku ya hatari huokoa mwaka mmoja; tiketi inayonunuliwa kila juma, na mtoto anayeshikwa mkono kupelekwa uwanjani, huokoa miaka thelathini. Kama tungetaka kujua timu ipi itaishi, tusihesabu tu vikombe vyake katika kabati. Tuhesabu watoto wanaokaa mbele.

Pili, tusiwanyang'anye watu nyumba ya kukutania tukitumaini kwamba mapendo yatabaki. Anchorage ilipotoka katika jumba kubwa ilipunguza gharama, ni kweli, lakini ilipunguza pia idadi ya watu waliokuwa wakiiona timu yao. Akiba nyingine huja kulipwa kwa riba.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tujenge urafiki na majirani wakati wa heri. Tukijenga timu, tumsaidie na jirani ajenge yake. Tukipata uwanja mzuri, tusifurahi kwamba mwenzetu hana, maana siku atakapokufa yeye, nasi tutakosa wa kucheza naye. Huntsville ilikuwa na jumba, ilikuwa na watoto, ilikuwa na watu wakarimu. Ilikosa jirani. Na timu isiyo na wa kushindana naye, hata ikishangiliwa na mji mzima, ni sawa na ngoma inayopigwa bila mchezaji.